Saa Aliyoimba Mokeira

…na kwa nini hawampi kipaza sauti, mtoto wa watu atapasuka mapafu, Obwocha alijiuliza, akasogea kidogo kushoto ili nguzo isimzibe, kisha akakumbuka kwamba nguzo ndiyo aliyoifuata alipoingia, akarudi kulia, maana mtu aliyekuja kwa siri hana ruhusa ya kuilalamikia nguzo, na kule mbele, kwenye jukwaa la ukumbi mpya wa mji wa Kisii, binti yake alikuwa amefumbua kinywa na sauti inatoka, ndefu, inapanda bila haraka, haitetemeki, haiombi msaada wa mtu… Mokeira, miaka kumi na moja hajamtia machoni, sasa yuko pale, gauni la kijani kama majani ya chai yaliyotoka kunyeshewa, mikono imetulia, nyuma yake Mfaransa mwenye ndevu anaipapasa piano, na watu mia tatu na ushei wamenyamaza, Wakisii wamenyamaza, jambo ambalo Obwocha hajaliona hata mazikoni, ambako mtu hawezi kusoma wasifu wa marehemu bila mwingine kuuliza kwa sauti chakula kiko upande gani… alikuja kumsamehe, hilo lijulikane, hakuja kwa ajili ya nyimbo za opera, Kifaransa chenyewe hakijui, Kiswahili tu alikisoma kwa viboko, alikuja kwa sababu wiki mbili zilizopita, sokoni Daraja Mbili, akichagua koti la mtumba, aliinua macho akakutana na uso wa mtoto wake umebandikwa ukutani, mkubwa kuliko dirisha, Jioni ya Opera ya Kifaransa, Jumamosi, saa moja, mwimbaji Mokeira Obwocha, jina lake yeye, Obwocha, limeandikwa kwa herufi za dhahabu mahali ambapo watu wanapita na mikungu ya ndizi kichwani, na muuza mitumba akamwambia, “Mzee, unachukua koti ama unaangalia tu?” akalichukua bila hata kulijaribu, ndilo hili alilovaa, mikono yake inaishia juu ya kifundo cha mkono, anaonekana kama amekua usiku mmoja, na tangu siku ile kila asubuhi akichuma chai huko Nyacheki alikuwa akiyafanyia mazoezi maneno yake, Mokeira, yaliyopita yamepita, mimi baba yako nimekusamehe, rudi nyumbani, maneno machache, mazito, ya mzee wa kanisa, na ni leo au basi, Jumatatu anapanda ndege kurudi Ufaransa na haijulikani atakuja tena lini, na Obwocha ana miaka sitini na minane na moyo ambao daktari ameuandikia vidonge vya rangi mbili…

halafu huyo Gesare, kitambaa chake cha kichwani cha maua ya manjano, safu ya tatu, kiti cha pembeni, hakuna kitambaa kingine kama hicho Bogusii nzima, alikinunua yeye Obwocha mwaka waliojenga nyumba ya mabati… leo baada ya ibada ya Sabato mke wake alimwambia anakwenda Daraja Mbili kumwona dada yake, mgongo umemzidia, atalala huko huko, na Obwocha akasema pole, mpelekee ndizi, na yeye akasema ana kikao cha wazee wa kanisa huko Nyamira, kitachelewa, na Gesare akasema pole, jifunike baridi, miaka arubaini na moja ya ndoa na siku ya Bwana wakatazamana machoni wakadanganyana vizuri, njia ya mwongo ni fupi, na hii yao ilikuwa fupi kiasi cha safu kumi na mbili za viti, maana alipoingia tu na kukaa nyuma ya nguzo yake akakiona kitambaa kile mbele yake, kimenyooka, hakigeuki… hakukasirika, hilo ndilo lilimshangaza, alikuwa ameiwekea hasira nafasi ikakosa kuja, kwa kuwa alijua siku zote, alijua kwamba Gesare huongea na mtoto kwa simu jioni nyuma ya zizi, kwa sauti ya kunong'ona, na yeye akitaka kupita na ndoo ya maziwa hukohoa kwanza ili wamalize, miaka yote hiyo akikohoa, pengine kikohozi ndicho kitu pekee ambacho Mokeira amesikia kutoka kwa baba yake, kama alikisikia, na kama alikisikia alidhani nini, kwamba baba ana kifua?

“Waah,” mwanamke aliyeketi kando yake alipumua, “sikia hiyo kitu, mzee, na hana hata maiki.” Alikuwa amejitambulisha kabla taa hazijapunguzwa, Eucabeth Akong'o, mtu wa Homa Bay, ndiye anayepanga viti na kubandika mabango hapa ukumbini, na alikuwa amemgawia Obwocha peremende bila kuulizwa, ikawa imekaa mdomoni mwake kama jiwe la mtoni kwa sababu aliogopa kuitafuna watu wakasikia… “Anasema nini?” Obwocha alinong'ona, kwa kuwa mwanamke alikuwa na karatasi ya maelezo, na Eucabeth akaisogeza karibu na taa ndogo ya mlangoni, “Ngoja… hapa wameandika amepoteana na bwanake sokoni, anatafuta tu, mpaka watu wakafunga vibanda wakaenda nyumbani,” sokoni? yaani kilio chote hiki ni cha mtu aliyepotea sokoni, si angewauliza wauza ndizi, hao wanajua kila mtu alipita na nani na alikuwa amevaa nini, Wafaransa nao wanapenda kujisumbua… lakini sauti haikuwa ya mtu anayeuliza njia, sauti ilikuwa imefika juu na kukaa pale, peke yake, na Obwocha akaona kidole chake cha shahada kinainuka kidogo juu ya goti, kile cha kuongozea kwaya, kinataka kuishusha, punguza, Mokeira, punguza, miaka ishirini na minne aliongoza kwaya ya kanisa na hilo ndilo neno alilomwambia mtoto yule kuliko jina lake, tangu akiwa na miaka tisa, amesimama mstari wa mbele na soksi zilizoteremka, punguza, changanyika na wenzako, tunamwimbia Bwana, hatuwaiti watu ng'ambo ya mto, na mtoto akipunguza, akipunguza mpaka anabaki kusogeza midomo tu, na kwaya inasikika sawa sawa, sawa na kwaya zote za makambi, ile mikutano ya kanisa ya kila mwaka, na Obwocha akifurahi… akakishusha kidole, akakifungia ndani ya ngumi.

Aliimba Sabato, hilo ndilo lililosemwa, akiwa kidato cha tatu, likizo ya Agosti, tamasha la muziki la shule, fainali huko Nyeri, na redio ikatangaza Jumapili asubuhi kwamba msichana kutoka Nyacheki jana Jumamosi amewashinda wote kwa kuimba peke yake, jana Jumamosi, jana Jumamosi, na kesho yake kwenye kituo cha kupimia chai watu wakampa mkono wa pongezi huku macho yakisema mengine, mtoto wa mzee wa kanisa, kumbe, huyu huyu aliyemwekea nidhamu mwana wa Osoro kwa kuuza ng'ombe Sabato mchana, mkuki kwa nguruwe mtamu, hakuna aliyelisema lakini alilisikia, alilisikia mpaka kwenye mizani ya chai… na Ijumaa mtoto akafika nyumbani na cheti ndani ya bahasha ya kaki, akaiweka juu ya meza kando ya sahani ya baba yake, akasimama, “Tata, naweza kukueleza vile ilikuwa?” na yeye akamega ugali, akachovya, akatafuna, akameza, “Utaeleza baraza,” kisha Sabato mchana baraza likaketi, wazee saba, na baraza halikumwita, Mokeira alikuwa nje na watoto wa shule ya Sabato akiwafundisha wimbo, walimsikia dirishani wakati wanamzungumza, na Ogari, karani wa kanisa, mtu mpole, akafungua kitabu chake akasema, “Baba Mokeira, hii kitu tunaifanya aje?” na akangoja, na sasa, nyuma ya nguzo, miaka kumi na moja baadaye, Obwocha anaona kwamba Ogari alikuwa anamtafutia mlango wa kutokea, kalamu yake haikuwa imegusa karatasi, alitaka asikie neno moja tu, tumwite mtoto tumuulize, na wote sita wangeshukuru, wote sita walikuwa na mabinti… akainua mkono. Wa kwanza. Hapakuwa na mkono mwingine juu pale chumbani, ulikuwa wake peke yake, na ukakaa juu muda mrefu, mpaka mingine ikaanza kufuata mmoja mmoja, kwa aibu, wa Ogari mwisho kabisa, na miaka yote hii amejisimulia kwamba baraza lilipiga kura, kanisa lilipitisha, utaratibu ni utaratibu, kana kwamba mkono wake ulikuwa wa saba na si wa kwanza…

jina likasomwa mbele ya washiriki Sabato iliyofuata, amefutwa ushirika, na Mokeira alikuwa ameketi pale pale kwenye benchi la kwaya akisikiliza, hakulia, Jumapili asubuhi kitanda chake kilikuwa kimetandikwa na sanduku halipo, likizo zote baada ya hapo akawa kwa shangazi yake Nairobi, kisha akapata ufadhili, kisha Ufaransa, na hapo ndipo kila mara fikira za Obwocha hukata kona na kushika njia nyingine, hukimbilia kosa la pili, kwamba aliondoka bila kuaga, kwamba hakupiga simu kwa baba yake hata siku moja, kwamba bibi yake alipofariki, Mokeira mkubwa, aliyempa hilo jina, mtoto hakuja kumzika, mjukuu mzima na jina la marehemu na hakuja kutupa hata konzi ya udongo, hilo ndilo alilokuja kulisamehe leo, hilo ndilo alilolibeba kutoka Nyacheki, maana lile la kwanza… lile la kwanza alishaliacha Keroka, dukani, na hapendi kupita Keroka…

“Sasa anakata tamaa,” Eucabeth alinong'ona akifuata kwa kidole, “anasema atakaa hapo hapo mpaka asubuhi,” nani? mwanamke wa sokoni, ah, na akae… Keroka, miaka sita iliyopita, duka la vifaa vya ujenzi, amechota misumari ya mabati kwa kiganja anaikagua, akasikia anapigwa bega, kumbe ni mwalimu Owino, yule wa muziki aliyempeleka Mokeira Nyeri, amehamishwa siku nyingi, mtu wa kucheka kwa mwili mzima, “Mzee Obwocha! Binti yako yuko wapi siku hizi? Huyo msichana alinitesa, wacha tu! Jaji ameita jina lake saa tisa, yeye ananiambia hapana mwalimu, jua bado. Nikamwambia wewe, watakutoa. Akasema wanitoe. Akaenda akakaa kwa ngazi huko nje na sare yake, anaangalia tu juu kama mtu anangoja mvua, masaa manne nzima, mzee, mpaka giza ikaingia. Ni mimi nilibembeleza majaji, mtu mzima na mvi zangu! Wakamweka wa mwisho. Saa moja imeshapita, jua imeenda kitambo, ndio akaingia. Halafu akaimba… wee! Majaji wakasahau kuandika.” Na Owino akacheka, hakujua habari ya baraza, angejuaje, na Obwocha akacheka pia. Alicheka. Hilo ndilo linalomwamsha alfajiri kabla ya jogoo, si kura, kicheko kile, mkono umejaa misumari, akasema, “Huyo ndiye Mokeira,” kama baba yeyote anayejivunia mwana wake dukani, akaenda nyumbani, akapiga mabati ya jikoni siku mbili mfululizo na hakumwambia mtu…

hakuna aliyeuliza saa, ndugu zangu, hakuna, wazee saba tunaojua Maandiko mpaka tanbihi, redio ilisema Jumamosi tukatosheka na Jumamosi, na Jumamosi ina mchana wake na ina usiku wake, mtoto wa Kisabato wa miaka mitano anajua kwamba jua likizama Sabato imefungwa na mtu yuko huru kukamua, kuuza, kuimba atakacho, yeye mwenyewe Obwocha ndiye husimama kila wiki mbele ya kanisa akasoma saa ya machweo kwenye karatasi ya matangazo, Sabato itafungwa saa kumi na mbili na dakika arubaini, anasoma mpaka dakika, mtu wa dakika, na juu ya mtoto wake mwenyewe hakuuliza hata ilikuwa mchana au usiku, na mtoto alisimama kando ya sahani akiwa na jibu mdomoni… alipaswa kusimama Sabato ile ile baada ya Keroka, aseme, tulimfuta mtu asiye na kosa na mimi ndiye niliyeanza, maneno kumi hayafiki, akasema wiki ijayo, lakini wiki ijayo ilikuwa ya makambi na huwezi kuvuruga makambi, kisha mgeni kutoka makao makuu ya kanisa, kisha mchango wa ujenzi, kisha mwaka ukapita na ikawa jambo limeoza ndani yake, la kuvunda halina ubani, na anayeoza ndani akizidi kupanda mimbarini na kuhubiri upendo, vizuri tu, watu wanaitikia amina…

na bibi yake alipofariki, basi, hilo la pili nalo litazame, Obwocha, umelibeba mpaka hapa lifungue ulitazame… ni nani aliyemsomea mchapaji majina ya wajukuu kwa simu, kwa ajili ya kile kijitabu cha maziko? wajukuu walikuwa kumi na tisa, akasoma kumi na wanane, akasita kidogo, mchapaji akauliza, “Ni hao tu?” akasema ni hao tu, ili watu wasije wakanong'ona na vijitabu mikononi, na Gesare alikishika kijitabu kile akakisoma jina kwa jina akakikunja akakiweka kifuani, na bila shaka jioni ile nyuma ya zizi alimwambia mtoto, na yeye Obwocha akakohoa… kisha kesho yake akasimama kando ya kaburi la mama yake na hasira ya kweli moyoni, hasira ya baba aliyedharauliwa, akimtafuta kwa macho mtoto ambaye alikuwa amemfuta kwa mara ya pili, kwa mkono wake mwenyewe, bila baraza safari hii, bila Ogari, kwa simu tu.

“Lakini ni mgumu, huyu dada,” Eucabeth alisema, akiegemea karibu, pumzi yake ya peremende, “hii kitu ilikuwa ianze saa kumi na mbili, unajua? Mabango ya kwanza nilikuwa nimebandika tayari, mji mzima. Akaandika kutoka huko, ati haimbi Jumamosi kabla jua izame. Wazungu wakauliza ni sauti inaharibiwa na joto ama ni nini, akasema hapana, ni hivyo tu. Nikabandua yote nikaanza upya, na jua ilikuwa inanichoma mimi, si yeye,” na akacheka chini chini, mabega yakitikisika, na Obwocha akasikia peremende inateleza kooni mwake nzima nzima, ikamkwama, ikashuka, “Alisema kwa nini?” “Aseme kwa nini? Wasanii hawasemi kwa nini, mzee. Nyamaza, anarudia pale patamu”… na kweli alikuwa anarudia, ile sehemu ya kupanda, polepole kuliko mwanzo, na Obwocha hakuisikia, alikuwa ameshika kiti cha mbele kwa mikono yote miwili, bado anangoja, Nyasae wangu, Mungu wangu, bado anangoja… kule Ufaransa, ambako hakuna Ogari, hakuna kitabu cha karani, hakuna mama wa kanisa wa kumchungulia uani, jina lake halimo katika kanisa lolote duniani, baba yake amehakikisha, mara mbili amehakikisha, na bado Jumamosi ikifika mtoto yule anakaa mahali kwenye ngazi fulani anaangalia juu mpaka jua liende, kwa ajili ya nani, si kwa ajili ya baraza, baraza lilishamalizana naye, si kwa ajili ya kuonekana, nani amwone, ni kwa kuwa alifundishwa hivyo utotoni akaamini, na aliyemfundisha, ah, aliyemfundisha… aliyemfundisha leo saa kumi na moja alisimama barabarani Nyacheki akasimamisha gari, akapanda, akalipa nauli, akarudishiwa chenji akaihesabu, jua linamwakia usoni kabisa mpaka akakunja macho, na hata hakukumbuka, hakuvunja Sabato kwa uchungu wa moyo kama mtu anayejua anachokifanya, aliivunja kama mtu anayekwenda dukani, alikuwa ameshughulika mno na kurudia hotuba yake ya kumsamehe mtu mwingine…

kumsamehe nini? Aliitafuta hotuba yake, Mokeira, yaliyopita yamepita, ikawa haina mahali pa kuishikia, yaliyopita hayajapita, yamekaa kwenye ngazi, mimi baba yako nimekusamehe, kwa kosa gani, taja, taja moja tu, na akajaribu kutaja, kwa bidii, kwa haki, kama mzee wa kanisa anayesikiliza kesi, hakuaga, ndiyo, hakuaga, nani anamuaga mtu aliyemwinulia mkono, hakuja kuzika, ndiyo, angekuja kama nani, jina la ishirini kasoro moja, na kesi ikaisha hapo, hakubaki mshtakiwa ila mmoja mwenye koti la mikono mifupi… inamuuma, inamuuma waziwazi, chini ya mbavu, na si ule uchungu wa vidonge, huo anaujua, huu ni mwingine, ni majuto, mtu amejuta, basi, kwa nini kulizungushia maneno, amejuta na amechelewa, alichuma chai miaka kumi na moja huku akijuta akidhani amekasirika… maneno mengine yanahitajika na hana, labda haya, Mokeira, niliinua mkono wa kwanza, sikukuuliza saa, kisha nikaambiwa saa na nikanyamaza miaka sita, na jina lako kwenye maziko ya bibi ni mimi niliyelitoa, hapo umesema nini, hakuna nimekusamehe hapo, hakuna rudi nyumbani hapo, ni kutapika tu yaliyomo, na baada ya kutapika unasema naomba, na hujui kuomba, mzee mzima, kwa Mungu unaomba kwa ufasaha mpaka watu wanalia, kwa mtu aliye hai mwenye macho hujaomba hata chumvi, Gesare ndiye huisogeza kabla hujasema…

na kanisani pia, usijifiche kwa huyu ukamwacha yule, Sabato ijayo simama, Ogari alete kitabu, waulize wote ni nani aliyeanza, lakini hilo ni la Sabato ijayo, na wiki ijayo zako tunazijua, la leo ni hili, wimbo ukiisha watapiga makofi na taa zitawaka, Gesare atainuka, atageuka ashangilie na ukumbi, ana tabia ya kugeuka, na ataona nguzo na mtu nyuma yake, au usubiri, au utoke sasa hivi kwa mlango wa pembeni, mlango uko hatua tano, ametazama tangu alipoingia, ndiyo maana alichagua nguzo hii, sema ukweli, si kwa ajili ya kujificha tu, kwa ajili ya mlango… na ukimfuata Mokeira kule mbele atafanyaje, akupigie kelele? apige, mtu mwenye sauti ile akipiga kelele Kisii nzima itasikia, na ni haki yake, akugeuzie mgongo? ageuze… lakini Obwocha alijua kwamba si hayo, hayo mawili hayakumtia hofu, kilichomtia hofu sasa ni jambo dogo zaidi, kwamba atafika pale, watu wamejipanga kumpa mkono, zamu yake itafika, na mtoto atamtazama kwa upole, kwa adabu aliyomfundisha yeye mwenyewe, atampa mkono wa kulia na wa kushoto umeshika kiwiko, atasema, “Asante sana kwa kuja, mzee,” kama anavyowaambia wazee wote, kisha atamgeukia anayefuata, kwa kuwa miaka kumi na moja ni mingi na koti hili halijui na uso huu umekonda, au kwa kuwa amemtambua vizuri kabisa, na hatajua ni lipi kati ya hayo mawili, na itambidi asimame pale pale, mbele ya Eucabeth na Wafaransa na mabinti wa watu wenye simu zao, aseme kwa sauti ya kusikika yeye ni nani na alifanya nini, kisha angoje jibu, hata kama jibu halitatoka leo, hata kama halitatoka… akakiachia kiti cha mbele, vidole vimekufa ganzi, akasogea kushoto, akatoka nyuma ya nguzo mwili mzima, “Unaona sasa?” Eucabeth akanong'ona, “Naona,” akasema, na kule mbele Mokeira alivuta pumzi, wimbo ulikuwa bado haujaisha, na Obwocha akakaa pale pale, mlango hakuutazama tena.